Mbung'o, majivu na miiko: Walinzi wa kale wa Lambwe na visiwa vyake

MGENI anayeteremka kutoka miinuko ya Kaniamwia kuelekea Bonde la Lambwe, katika Kaunti ya Homa Bay, huona mbele yake uwanda mpana wa nyasi ndefu, kisha vilima vya Gwasi, na ng'ambo ya vilima hivyo Ziwa Victoria. Wengi huichukulia safari hii kuwa ya mambo mawili yasiyohusiana: mbuga ya wanyama huku, visiwa kule. Mwongoza watalii anayeijua kazi yake hataukubali mgawanyo huo. Vilima vya Gwasi, Kisiwa cha Rusinga na Kisiwa cha Mfangano ni mabaki ya mlima mmoja wa volkano, Kisingiri, uliokuwa ukitema moto na majivu takriban miaka milioni 18 iliyopita. Mlima wenyewe umemomonyoka. Kilichosalia ni mbavu zake, nyingine nchi kavu na nyingine zimezungukwa na maji.

Kuna jambo jingine linaloziunganisha sehemu hizi. Karibu kila kinachomleta mtalii hapa leo kimesalimika kwa sababu ya walinzi ambao hakuna serikali iliyowaajiri. Bondeni mlinzi alikuwa mdudu. Rusinga yalikuwa majivu. Mfangano ilikuwa miiko ya mababu. Walinzi hao sasa wamepungua nguvu, na matembezi ya kuongozwa, pamoja na fedha yanazotarajiwa kuleta, yametwikwa kazi yao. Iwapo yataiweza ni suala ambalo bado halijaamuliwa.

Tuanze na mdudu. Mbung'o wa Lambwe waliogopwa kwa vizazi. Aliyeumwa nao aliweza kupata malale, maradhi ambayo huanza kwa homa na kuumwa na kichwa, kisha vimelea huingia kwenye ubongo, mgonjwa akapoteza usingizi wa usiku, akasinzia mchana, na asipotibiwa akafariki. Mifugo nayo iliangamizwa na nagana, ugonjwa wa jamii hiyo hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkurupuko wa malale uliua watu kwa mamia ya maelfu kuzunguka ziwa hili, hasa upande wa Uganda. Katika hali hiyo mkulima hakuwa na hamu ya kuhamia kwenye vichaka vya Lambwe, hata kama udongo wake ulikuwa mzuri.

Kwa hiyo bonde likabaki kwa wanyama. Mwaka 1966 lilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyamapori, na mwaka 1983 likapandishwa hadhi na kuwa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita 120 za mraba. Jina Ruma ni la mganga aliyeogopwa sana katika eneo hili, jambo linalodhihirisha kuwa hofu haijawahi kuwa mbali na bonde hili.

Mnyama aliyesababisha bonde lihifadhiwe ni korongo. Si ndege mwenye jina hilo, bali swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma, masikio marefu kama ya punda na uso uliochorwa weusi na weupe. Zamani alionekana katika sehemu kadhaa za Kenya. Leo Ruma ndiyo maskani yake pekee humu nchini, na sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 tu. Idadi hiyo ni ndogo mno. Ndama mmoja akiliwa na fisi, au jike mmoja akinaswa katika mtego wa waya uliowekewa mnyama mwingine, hasara yake huonekana katika hesabu ya taifa zima.

Yapo mengine ya kutazama: twiga, nyati, kongoni, taya, na vifaru waliohamishiwa hapa mwaka 2012. Lakini mgeni aliyezoea Maasai Mara, ambako magari hukusanyika kumzunguka simba mmoja, atahitaji subira. Nyasi za Ruma ni ndefu na wanyama hawajipangi barabarani. Bila mwelekezi anayejua korongo hunywa maji wapi na hutoka kichakani saa ngapi, mtu anaweza kuzunguka kutwa akarudi akisimulia nyani.

Mbung'o wenyewe hawajaisha. Ila juhudi za miaka mingi za kunyunyiza dawa, kufyeka vichaka na kutundika mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, rangi zinazowavutia wadudu hao, zimewapunguza sana. Mgonjwa wa mwisho wa malale kuambukizwa na kugunduliwa humu nchini alikuwa wa mwaka 2009. Mwaka 2012 wageni wawili waliambukizwa Maasai Mara na kugunduliwa baada ya kurejea kwao. Mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeuondoa ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma.

Hiyo ni habari njema isiyo na mjadala. Hata hivyo ina upande wake wa pili, nao hausemwi mara nyingi. Kadiri hofu ya mbung'o ilivyopungua, ndivyo mashamba na mifugo ilivyosogea hadi ukingoni mwa mbuga. Ua uliwekwa mahali pa mdudu, nao unahitaji kukarabatiwa, kulindwa na kulipiwa, gharama ambazo mbung'o hakuwahi kudai.

Kusini zaidi, katika Kaunti ya Migori, kuna mfano wa aina hiyo hiyo. Thimlich Ohinga ni makazi ya kale yaliyozungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikiza, na baadhi ya kuta hizo hupita urefu wa mita nne. Inaaminika zilijengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO ililiingiza eneo hilo katika orodha ya Turathi za Dunia. Katika Dholuo jina lake hubeba maana ya msitu mzito wa kutisha. Watu walipohama, msitu ulifunika kuta, na heshima iliyochanganyika na woga ikawazuia majirani kubomoa mawe na kujengea nyumba zao. Anayetoka Lambwe akiwa na siku ya ziada asiache kufika.

Njia ya visiwani hupitia mji wa Mbita. Mwaka 1983 Rusinga iliunganishwa na bara kwa tuta la mawe na udongo, ambalo liliwafaa wasafiri lakini likaziba mkondo wa maji. Baadaye likajengwa daraja linaloyaacha maji na mashua vipite. Ni mwendo wa dakika chache, na mgeni asiyeambiwa anaweza asijue kwamba ameingia kisiwani.

Rusinga kwa macho ni kavu: vilima vya kijivu, makorongo yaliyochimbwa na mvua, mawe yaliyotapakaa. Lakini majivu ya Kisingiri ndiyo hazina yenyewe. Kwa kawaida msitu wa kitropiki hauhifadhi mifupa, kwa sababu udongo wake una asidi inayoimeng'enya. Majivu ya volkano hii yalikuwa na chokaa nyingi. Yaliponyesha juu ya msitu uliokuwapo, yaliipunguza makali asidi hiyo, yakafunika mizoga, majani, mbegu na hata wadudu, kisha yakaganda kuwa jiwe.

Ni katika majivu hayo ambamo Mary Leakey, mwezi Oktoba 1948, aliona meno yakichungulia kwenye mteremko. Yalikuwa ya fuvu la nyani mkubwa asiye na mkia, wa ukoo uliotangulia sokwe na binadamu, aliyeitwa Proconsul. Habari hiyo ilizagaa duniani, na Leakey akasafiri na fuvu hilo hadi London, ambako lilikaa miaka mingi kabla ya kurejeshwa Kenya. Mwaka 2015 wanasayansi waliwatenga viumbe wa Rusinga katika jenasi yao wenyewe na kuipa jina Ekembo, neno walilolichukua kutoka lugha ya Wasuba. Mwaka mmoja kabla ya hapo watafiti wengine walikuwa wameeleza kuhusu visiki na mizizi ya miti iliyogeuka jiwe mahali pale pale palipo na mifupa ya nyani hao, ushahidi kwamba waliishi katika msitu uliofungamana vizuri.

Hapa ndipo mwelekezi anapoonyesha thamani yake. Kipande cha mfupa wa miaka milioni 18 hufanana na changarawe, na mgeni hukikanyaga bila kujua. Mwelekezi huinama, akakionyesha, akaeleza ni cha taya au goti, kisha akakiacha palepale. Kukiokota ni kosa chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Tena, mfupa uliotolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake, kwa sababu tabaka la jiwe ndilo linalotaja umri wake. Mvua inayofichua mifupa ndiyo pia inayoisomba. Mbuzi nao hupita.

Kaburi la Tom Mboya liko kisiwani humu. Waziri huyo wa Mipango ya Uchumi, aliyekuwa mstari wa mbele katika mpango wa mwaka 1959 wa kuwasafirisha vijana kwenda kusoma Marekani, alipigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Jengo la kumbukumbu lililojengwa juu ya kaburi lake lina umbo la risasi. Mgeni haelezwi hilo mlangoni. Akitazama kwa mbali ndipo hulitambua, na wengi hunyamaza. Wanafunzi wanaoletwa hapa na shule zao huuliza maswali ambayo taifa halijayajibu hadi leo.

Kutoka Mbita hadi Mfangano ni safari ya boti ya muda wa saa moja au zaidi, kutegemea injini na upepo. Furukombe hutua kwenye miti ya ufuoni, na visiwa vidogo vya Mbasa huwa vyeupe kwa kinyesi cha minandi na yangeyange wanaolala huko. Mfangano yenyewe hupanda ghafla kutoka majini hadi kilele cha Kwitutu, chenye urefu wa mita 1,694 juu ya usawa wa bahari, na upande wa juu ungali na msitu.

Katika mapango ya Mawanga na Kwitone kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: miduara ndani ya miduara, mizunguko inayojikunja kama gamba la konokono, mistari inayotoka katikati kama miale. Hakuna mtu wala mnyama aliyechorwa. Michoro ya namna hii hupatikana katika sehemu nyingi za ukanda wa ziwa na kati ya Afrika, na huhusishwa na Watwa, wawindaji waliotangulia kuishi hapa kabla ya Wasuba kuwasili kutoka upande wa Uganda. Wasuba hawakuichora, lakini waliirithi. Waliyaheshimu mapango kama mahali pa kuombea mvua, na asiyekuwa na shughuli pale hakuthubutu kuingia. Mtoto alikatazwa kugusa ukuta, naye akaogopa kweli.

Woga huo ukipungua, mkaa na kucha vinatosha kuharibu kazi ya maelfu ya miaka. Wapo pia wageni wanaomwagia michoro maji ili rangi zing'ae kwenye picha, bila kujua kwamba maji huacha chumvi inayobandua rangi. Jumba la Makumbusho la Amani la Jamii ya Abasuba, lililoko Ramba kisiwani humo, lilianzishwa na wenyeji ili kuyashughulikia mambo haya. Hupanga matembezi ya kwenda mapangoni, na taasisi ya kuhifadhi michoro ya miambani barani Afrika, TARA, iliunga mkono jitihada hizo. Msingi wake ni rahisi: kijana anayelipwa kumfikisha mgeni pangoni ana sababu ya kumzuia mwenzake asichore jina lake ukutani.

Mpango huo hufanya kazi pale tu fedha zinapobaki. Mtalii anayeletwa na boti ya kasi, akala chakula kilichofungwa hotelini na kuondoka kabla ya jua kutua, humwachia mwenyeji nyayo. Anayelala kisiwani, akanunua ngege kwa mvuvi na kumlipa mwelekezi wa kijiji, ameongeza jozi ya macho pangoni.

Mgeni huyo pia atasikia kitu ambacho hakimo katika vitabu vya mwongozo. Wasuba wengi leo huzungumza Dholuo, na lugha yao ya asili imo miongoni mwa zile ambazo UNESCO imeziorodhesha kuwa hatarini. Majina ya vilima na mapango, hata hivyo, bado ni ya Kisuba. Mwelekezi anayeweza kuyafafanua anazidi kuwa adimu, na mara nyingi ni mtu mzima aliyeyapata kwa bibi yake. Kituo cha Ekialo Kiona kisiwani humo kimekuwa na redio inayotangaza kwa lugha hiyo, ili vijana waisikie nje ya jikoni.

Anayetaka kumwona mbayuwayu buluu, ndege adimu anayekuja kwenye nyasi za Ruma kutoka kusini mwa Afrika, apange safari kati ya Aprili na Septemba, ajue pia kwamba mvua za Aprili na Mei huzifanya njia za mbugani kuwa tope. Avae nguo za rangi hafifu, maana buluu na nyeusi huwaita mbung'o waliosalia. Boti ya Mfangano ni vyema kuipanda asubuhi, kabla upepo wa alasiri haujaamka, na kila abiria adai jaketi la kuokolea hata kama nahodha anacheka.