Uongo wa Papa Shirandula na Heshima ya Kazi ya Halali

Familia nyingi nchini Kenya zinamkumbuka Papa Shirandula, mhusika aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, katika kichekesho cha runinga ya Citizen. Papa alikuwa bawabu, lakini mkewe, Wilbroda, aliaminishwa kwamba mumewe ni mtu wa ofisini. Siri ilipokaribia kufichuka, uongo mpya ulizuliwa kuulinda ule wa kwanza, nasi tukacheka pamoja na watoto wetu.

Je, uongo wa namna ile una udhuru wowote? Suala la uongo wenye nia njema limewashughulisha wanafalsafa na maulamaa kwa karne nyingi. Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, aliandika mwaka 1797 kwamba kusema uongo ni kosa hata pale muuaji anapobisha hodi akimuuliza mtu aliko rafiki yake aliyemficha. Karibu karne saba kabla yake, Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kulipima jambo hilo katika Ihya Ulumiddin, akafikia hukumu nyingine: asiye na hatia akiwindwa na dhalimu, ni wajibu kumsitiri hata kwa uongo. Lakini Imam aliweka mzani. Lengo jema likiwa laweza kufikiwa kwa ukweli, kulifikia kwa uongo ni haramu.

Tuuweke uongo wa Papa katika mzani huo. Alichokitaka ni heshima. Je, bawabu anayekesha ili wengine walale hastahiki heshima kwa kazi yake ilivyo? Mtume wetu (S.A.W.) alichunga mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira. Nabii Daud (A.S.), pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mikono yake. Basi uongo wa Papa hauna udhuru hata katika mzani wenye huruma kuliko ule wa Kant.

Huenda msomaji akauliza: je, hakuna ruhusa baina ya mume na mke? Imam Nawawi ameeleza kwamba ruhusa hiyo ni katika kuonyeshana mapenzi na mfano wake. Ama hadaa ya kukwepa wajibu au kuchukua haki ya mwenzako, hiyo ni haramu kwa makubaliano ya Waislamu. Na madhara yake tunayajua. Mke asiyelijua pato la mumewe atakopa dukani kwa kutegemea mshahara usiokuwapo, na atawaahidi watoto kisichopatikana. Njia ya mwongo ni fupi. Siku ukweli utakapodhihiri, kitakachomuumiza mke si ubawabu wa mumewe, bali kuvunjika kwa amana.

Hata hivyo, lawama si ya Papa peke yake. Mtu huificha kazi yake kwa kuogopa dharau, na dharau hiyo huanzia majumbani mwetu. Posa inapoletwa, mara ngapi tunauliza kwanza kijana anafanya kazi wapi, kabla ya kuuliza dini yake na tabia yake? Mume anaporudi na ujira mdogo wa halali, je, hupokewa kwa shukrani au kwa kulinganishwa na jirani?

Basi vichekesho vya namna hii tuvitazame pamoja na watoto wetu, kisha tuwaulize: kwa nini mtu huyu aliogopa kusema kweli? Nasi wazazi tujiulize: je, katika nyumba hii, aliyefutwa kazi au mtoto aliyeanguka mtihani aweza kuingia mlangoni akasema kweli, asiaibishwe?

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kweli, riziki za halali na nyumba zenye masikizano. Amin.