Miiba ya Nungunungu na Rangi Zake

Aokotaye mwiba wa nungunungu njiani huona una rangi mbili, nyeupe na nyeusi, zinazofuatana kama pete tangu shinani hata nchani. Katika mkeka, ukindu hutiwa rangi kwanza, kisha husukwa. Je, mwiba huu ulitiwa rangi lini?

Hatuna budi kufahamu kwanza ya kuwa mwiba huo, ijapokuwa waweza kuzidi urefu wa futi moja, ni unywele tu, ulionenepa ukawa mgumu. Nao, kama unywele wo wote, hukua kutoka shinani. Kwa hiyo ncha ndiyo ya kale, na sehemu iliyo karibu na ngozi ndiyo mpya. Ndani ya tundu lake ngozini zimo chembe hai za namna mbili: nyingine hujenga mwiba wenyewe, nyingine hutengeneza rangi iitwayo melanini na kuwapa hao wajenzi. Watia rangi wakifanya kazi, sehemu inayoota hutoka nyeusi. Wakiacha, hutoka nyeupe. Basi pete zile ni kama kalenda ya kazi yao, nasi twaisoma kutoka nchani kushuka chini.

Panya wa porini ana jambo la ajabu zaidi. Manyoya yake huonekana ya kijivujivu, lakini unyoya mmoja ukitazamwa karibu una ncha nyeusi, kisha pete ya manjano, kisha weusi tena. Hapo watia rangi hawakuacha kazi, bali waliamriwa kubadili rangi kwa siku chache. Amri hiyo huletwa na protini iitwayo aguti, na wataalamu waliitambua jeni yake mwaka 1992. Panya aliyezaliwa pasipo amri hiyo huwa mweusi mwili mzima.

Unywele ukiisha kutoka nje ya ngozi umekufa, wala haupokei tena melanini. Ndiyo sababu mvi huanzia shinani. Na asemaye kwamba kila unywele wake ulikuwa mweusi jana na leo ni mweupe mpaka nchani, tumsikilize kwa adabu tu.

Nungunungu naye harushi miiba, kama wengi wasemavyo. Huisimamisha, weupe na weusi wake uonekane hata gizani, akatikisa mkia ukalia, kisha humwendea adui kinyumenyume. Mwiba ukichomoka, mwingine huota katika tundu lile lile, ukianza na ncha.