Samaki wa tangi dogo: Anayevutia macho siye anayelipa

Ana urefu wa kidole gumba. Mwili wake ni wa buluu iliyokolea, na juu yake kuna duara nyeupe, moja ndani ya nyingine, kama maji ya kisima yaliyotupiwa jiwe. Mteja anayemwona dukani haulizi jina lake. Anauliza bei.

Huyo ni mtoto wa kitatange, ambaye wataalamu humwita Pomacanthus imperator, mkazi wa miamba ya matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki. Jambo ambalo bei haisemi ni kwamba akikua hubadilika kabisa. Duara hupotea, mistari ya manjano hushika nafasi yake, na urefu wake huweza kufika sentimita 40. Tangi la lita 100 ambalo mteja amelinunua kwa ajili ya sebule yake lina urefu wa sentimita 80 hivi.

Hapo ndipo biashara ya samaki wa mapambo wa maji ya chumvi inapowashinda wengi. Mzigo hutoka pwani ukiwa hai, hufika Nairobi, Kampala au Kigali ukiwa hai, huuzwa kwa faida, kisha mwezi mmoja baadaye simu inalia. Samaki amekufa, au amewaua wenzake, na mteja anataka fedha zake. Hata akisamehe fedha, harudi tena.

Kwa anayenunua pwani na kuuza bara, kazi kubwa kwa hiyo si kupata samaki wazuri. Miamba yetu inao tele. Kazi ni kuchagua wale ambao tangi dogo linaweza kuwatunza.

Lita 100 si bahari

Baharini, uchafu wa samaki huchukuliwa na maji yasiyo na mwisho. Ndani ya tangi hubaki palepale na kugeuka amonia, ambayo ni sumu. Kinachoiondoa ni bakteria wanaoota kwenye mawe, mchanga na chujio. Hawa huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huvumilia ikiwa kidogo.

Bakteria hao huhitaji muda, kwa kawaida wiki nne hadi sita, kabla ya tangi jipya kupokea samaki wa kwanza. Mfanyabiashara anayeuza tangi na samaki siku moja anauza msiba. Anayeuza tangi leo na kumwambia mteja arudi baada ya wiki sita, akiwa na kipimo cha maji kinachoonyesha hakuna amonia, amejipatia mteja wa miaka.

Kwa tangi la lita 100, samaki wadogo wanne wanatosha. Waingizwe mmoja mmoja au wawili wawili, kwa kuachana wiki mbili hivi, ili bakteria waongezeke kadiri ya uchafu. Wapole huingia kwanza na wagomvi huingia mwisho. Mgomvi akitangulia, hulihesabu tangi lote kuwa nyumba yake.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa bara husahau: mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa huko ni mdogo kuliko wa Mombasa kwa karibu asilimia 18. Kampala, iliyo kwenye takriban mita 1,200, tofauti ni karibu asilimia 13. Msukumo ukipungua, oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho hicho. Tangi linalobeba samaki wanne Mombasa libebe watatu Nairobi, na pampu ielekezwe juu ili uso wa maji utikisike usiku na mchana.

Baridi ya usiku nayo si ya kupuuza. Samaki wa miamba hutaka nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi. Kwa mteja wa Nairobi au Kigali, hita ni lazima.

Wanaofaa

Wa kwanza ni klauni, yule ambaye watoto humwita Nemo tangu filamu ya mwaka 2003. Klauni wa filamu hiyo hapatikani katika bahari yetu, lakini huzalishwa sana kwenye matangi. Pwani ya Afrika Mashariki ina wake. Amphiprion akallopisos, mwenye rangi ya waridi na mstari mweupe mgongoni, hazidi sentimita 11 na hufaa zaidi kwa tangi dogo kuliko Amphiprion allardi, mwenye mikanda miwili myeupe, ambaye hufika sentimita 14.

Klauni wauzwe wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Wote huanza maisha wakiwa madume, na aliye mkubwa ndiye hugeuka jike. Wawili wanaolingana hupigana kutafuta nani mkubwa, na wa tatu huonewa hadi afe. Tena hawahitaji anemoni, kile kiumbe chenye minyiri wanamojificha baharini. Anemoni ni mgumu kutunza kuliko klauni mwenyewe, na akifa ndani ya tangi dogo huharibu maji yote.

Wa pili ni Nemateleotris magnifica, samaki mwembamba mwenye kichwa cheupe na mkia mwekundu kama kaa la moto. Hazidi sentimita 9, hagombani na samaki wa aina nyingine, na hula vyakula vidogo vinavyoelea. Kasoro yake ni moja: akishtuka huruka nje ya maji. Auzwe pamoja na mfuniko wa wavu.

Wa tatu ni gobi, samaki wa mchangani. Wapo wanaoishi shimo moja na kamba mdogo. Kamba huchimba na kusafisha shimo, na gobi, mwenye macho makali, husimama mlangoni na kumjulisha adui anapokuja. Mteja mwenye watoto akiwaona wawili hao wakifanya kazi, hahitaji kushawishiwa zaidi.

Wa nne ni jibu kwa yule anayetaka kitatange. Yupo kitatange mdogo wa pwani yetu, Centropyge acanthops, wa buluu na mgongo wa rangi ya chungwa, asiyezidi sentimita 8. Awe mmoja tu, aingie mwisho, na tangi liwe na lita 120 au zaidi zenye mawe ya kutosha. Mteja aelezwe mapema kwamba huyu anaweza kudonoa matumbawe.

Wa kukataa hata wakiwa bei ya chini

Yupo samaki mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus. Ni mgumu kufa na bei yake ni ndogo, ndiyo maana wanaoanza humpenda. Akikua hufika sentimita 14, madoa hufifia, na tangi zima huwa lake. Kumtoa lazima mawe yote yavunjwe na kupangwa upya. Rahisi ni ghali.

Samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, ni mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni. Baharini huendesha kituo chake, samaki wakubwa wakipanga foleni ili awaondolee vimelea. Katika tangi dogo lenye samaki watatu wateja wake huisha, na kwa kawaida hukonda hadi kufa.

Kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, ndiye anayewaponza wengi. Rangi yake haina mfano, lakini hupita sentimita 20, huogelea mchana kutwa, na akibanwa huwa wa kwanza kuugua madoa meupe. Vitatange wengine wengi wa miambani hula matumbawe yenyewe. Samaki simba humeza kila kinachoingia kinywani, na miiba yake ina sumu. Kikande hutafuna kamba na konokono. Samaki sanduku akitishwa hutoa sumu inayoweza kuua tangi zima, yeye mwenyewe akiwemo.

Kukagua kabla ya kulipa

Samaki wa mapambo wa pwani yetu huvuliwa na wazamiaji wenye nyavu ndogo za mkono. Aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu hujaa hewa tumboni, na huonekana akielea juu bila kupenda au akiogelea kichwa chini. Huyo aachwe.

Mnunuzi asimame mbele ya tangi dakika kumi bila kusema bei. Aangalie mapezi kama ni mazima, macho kama ni maangavu, tumbo kama halijabonyea, na pumzi kama si za haraka. Madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini ni dalili ya vimelea viitwavyo Cryptocaryon irritans, na samaki mmoja mwenye nayo huambukiza mzigo wote. Mwisho aombe samaki walishwe mbele yake. Asiyekula kwa muuzaji hatakula kwa mnunuzi.

Wakifika bara, wakae karantini wiki mbili hadi nne kabla ya kuuzwa. Wengi huona huko ni kulaza mtaji. Lakini samaki anayekufa karantini amekufa bila kulitia jina la duka doa.

Safari na mpaka

Samaki hufungwa mmoja kwa mfuko, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya maboksi ya foamu yanayozuia joto na baridi. Huachishwa chakula siku moja au mbili kabla ya safari ili wasichafue maji ya mfuko. Kwa anayekwenda Malaba, Busia au Rusumo, saa zinazopotea foleni mpakani zihesabiwe ndani ya safari tangu mwanzo.

Mfuko uliosafiri saa nyingi usikae wazi. Ukifungwa, hewa ya pumzi ya samaki hupunguza makali ya amonia. Ukifunguliwa, hewa hiyo hutoka na amonia hurudi kuwa sumu kali. Mfuko uelee kwanza ukiwa umefungwa ili joto lilingane, kisha ufunguliwe na samaki ahamishwe bila kukawia. Maji ya mfuko yamwagwe. Yasiingie tangini.

Karatasi nazo zina uzito wake. Kenya ina Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na Tanzania ina Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Leseni na vibali vya mzigo hutafutwa kwa maofisa wa uvuvi kabla ya kununua, si baada ya kukamatwa. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hakiondoi wajibu wa kuwa na cheti cha afya ya wanyama. Ankara iandikwe jina la kitaalamu la kila samaki, kwa sababu jina la mtaani la Shimoni silo la Kampala.

Farasi wa bahari, matumbawe magumu na chaza wakubwa wamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ni wanachama. Kuwavusha mpaka bila kibali cha mkataba huo ni kosa, hata kama ni kipande kimoja ndani ya ndoo.

Faida iliyo kwenye chumvi

Anayefikiria samaki peke yake huona nusu ya soko. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, hivyo tangi la lita 100 huhitaji kilo 3.5 kuanzia. Mteja akibadilisha lita 10 kila wiki, hutumia gramu 350, wiki baada ya wiki, mwaka mzima. Chumvi ya mezani haifai, kwa kuwa haina kalisi, magnesi na madini mengine ya bahari. Kusafirisha maji yenyewe ni kubeba kilo moja kwa kila lita. Pakiti ya chumvi ya tangi haifi njiani, wala haihitaji oksijeni.

Mteja akumbushwe kwamba maji yanayopungua kwa kukauka hujazwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi haikauki pamoja na maji, na wengi huua samaki wao kwa kuiongeza kila siku.

Wafanyabiashara wa mipakani wanaujua msemo wa zamani wa madukani: mali bila daftari huisha bila habari. Kwa samaki, daftari liwe na safu moja zaidi ya bei ya kununua na ya kuuza. Iandikwe ni nani yu hai baada ya siku 30 nyumbani kwa mteja. Baada ya mizigo mitatu au minne, safu hiyo ndiyo itakayosema ni samaki gani wa kununua tena na ni yupi wa kumwachia bahari.