NANI ANAMPOKEA MKIMBIZI KULE KANADA?



Ni wachache kati yetu wasiojua jamaa iliyopita Nyarugusu, Nakivale ao Dzaleka na ambayo sasa iko Kanada ao Amerika. Picha zinafika: watoto wamevaa makoti makubwa, nyuma yao theluji mpaka magotini. Na hapa masomoni tunasema tu, «HCR iliwapeleka.» Si uongo, lakini ni nusu ya habari. HCR haina nyumba ku Winnipeg. Haijui basi gani inafika ku shule ya watoto. Ile siku ndege inatua, nani anasimama pale uwanjani na karatasi yenye majina? Na nani alilipa nyumba mbele ya wageni kufika? Nataka kueleza ile nusu ingine, sana sana kwa Kanada, sababu kule kazi hiyo inashikwa na watu wa kawaida: makanisa, majirani wa kartye moja, vyama vya wageni wa zamani. Wanaifanya pamoja, kwa mapatano ya kuandikwa na kutiwa sahihi.

Neno moja kwanza. Wazungu wanahesabu inchi tatu: ya kwanza ni kwenu, ya pili ni ile uliyokimbilia, ya tatu ni ile inayokubali kukupokea kabisa. Kuhamishiwa inchi ya tatu ni bahati ya wachache mno. Kwa wakimbizi mia moja wa dunia, hata mmoja hapati nafasi hiyo kwa mwaka. Wakongomani waliokimbia inchi wanapita milioni moja, na wengi wao wako Uganda. Basi anayekaa kambini akingojea tu ndege, anangojea kitu ambacho wengi hawatakiona. Ni vizuri kulijua.

Mwaka 1976 Kanada iliandika sheria mpya ya wahamiaji, ikaanza kufanya kazi Aprili 1978. Ndani yake kulikuwa kifungu kidogo: mbali na wakimbizi wanaoitwa na serikali, raia wenyewe wanaweza kuita, kama wanakubali kuwatunza mwaka mzima. Miezi ya kwanza kifungu kile kililala. Kiisha wakaja watu wa mashua. Vita ya Vietnam iliisha 1975, lakini watu walizidi kukimbia, wakaingia baharini kwa vyombo vibovu. Novemba 1978 meli moja mzee, Hai Hong, ilifika karibu na Malaysia na watu karibu 2,500 ndani yake, wakakatazwa kushuka. Kanada ilikubali kuchukua zaidi ya 600. Watu wa Kanada waliona habari hiyo ku televizyo, wakauliza: na sisi tufanye nini?

Waliojibu wa kwanza walikuwa Wamenonite. Tunawajua hapa Kongo, makanisa yao ni ya Kasai na Bandundu. Juu ya nini wao? Sababu wazazi wao walikuwa wakimbizi. Kati ya 1923 na 1930 Wamenonite zaidi ya 20,000 walitoka Urusi wakaingia Kanada, wengi wao kwa deni: kampuni ya reli, Canadian Pacific, iliwasafirisha kwa mkopo, na kanisa likajitia mdhamini. Deni lile lilimalizika 1946 tu. Wazee waliokuwa watoto ku ile safari ndio walikuwa wanaketi ku mabenchi ya mbele ya kanisa mwaka 1979.

Machi 1979 chama chao cha msaada, Mennonite Central Committee, kilitia sahihi mapatano na serikali. Hapa ndipo iko akili yenyewe ya mpango, na mwanafunzi wa shule ya Kiprotestanti ataielewa upesi. Sisi tuko na ECC: tangu 1970 jina moja linasimama mbele ya serikali, na jumuiya nyingi zinatumika chini yake. Mapatano yale ni sawa vile. Mbele yake, kila kanisa dogo la mugini lingepashwa kuchunguzwa na serikali: je, muko na feza? je, nani atajibu mukishindwa? Kwa mapatano, chama kikubwa kilisema: mimi ndimi mdhamini, kanisa langu lolote likishindwa, nitajibu mimi. Basi parokia ya wakulima pashipo mwanasheria iliweza kuita jamaa ya Laos. Makanisa mengine yalifuata upesi, Wakatoliki na Waprotestanti, na mashirika ya Wayahudi.

Toronto mambo yalianza namna ingine. Juni 1979 mwalimu wa Chuo Kikuu cha York, Howard Adelman, aliita majirani nyumbani kwake, watu wa dini mbalimbali. Walikuja kuandika barua tu kwa waziri, kumlaumu. Kumbe wafanyakazi wa serikali walikuwa pale pia, wakawaambia: barua si mbaya, lakini sheria inawaruhusu ninyi wenyewe kuita. Mkutano wa kuandika barua ukageuka chama, Operation Lifeline, na matawi yake yakaenea katika miji mingi. Ku Ottawa meya, mama Marion Dewar, alisikia serikali ikihesabu wakimbizi 4,000 ambao walikuwa hawajapata pahali. Akasema, mji wetu utawachukua. Ottawa ilikuwa mji wa watu karibu 300,000 tu! Julai aliita raia, wakaja karibu 3,000, na kazi ikagawanywa kwa komite.

Serikali ikaona ni lazima kuwafuata raia wake. Julai 1979 iliahidi: kila mkimbizi mmoja mutakayemwita ninyi, sisi tutaita mwingine, mpaka 50,000 kufikia mwisho wa 1980. Watu wakaita wengi kupita hesabu. Na hapo likaja gomvi ambalo vitabu vya sifa vinalipita mbio. Desemba 1979 serikali ilisema: kwa kuwa raia wameita wengi, sisi tutapunguza sehemu yetu, na wale wenu watajaza hesabu. Makanisa yalikasirika, na kwangu walikuwa na haki. Walikuwa wamejitolea kuongeza watu, si kubeba mzigo wa serikali kwa feza ya sadaka. Mwaka 1980 serikali mpya iliongeza nafasi 10,000, ikafika 60,000, lakini swali lile halikuisha mpaka leo: je, raia anasaidia serikali, ao anafanya kazi pahali pake? Katika wale 60,000, zaidi ya nusu waliitwa na makundi ya raia. Mwaka 1986 medali ya Nansen, ambayo HCR huipa mtu ao chama, ilipewa watu wote wa Kanada pamoja.

KAZI YENYEWE

Leo njia ziko nyingi, lakini mbili zinajulikana zaidi. Ya kwanza ni ile ya chama chenye mapatano: kanisa ao chama kidogo kinafanya kazi chini ya jina lake. Ya pili ni ya watu watano: raia ao wakaaji wa kudumu watano, wenye myaka 18 kwenda juu, wa mji ambamo mgeni atakaa, wanaungana na kutia sahihi. Hao wanapashwa kuonyesha karatasi ya HCR ao ya inchi ya pili inayosema mtu huyu ni mkimbizi kweli. (Quebec, kwenye Kifaransa, iko na masharti yake yenyewe, usichanganye.)

Kundi linaandika mpango mbele ya mgeni kufika. Si maneno matamu, ni karatasi: nani atapokea uwanjani, nani atatafuta nyumba, nani atapeleka watoto ku shule, nani atasimama na mama ku munganga, nani anajua lugha yao. Feza inapashwa kuonekana mbele. Kwa jamaa ya watu wanne inapita dola 25,000 za Kanada kwa mwaka. Vitanda, sahani na nguo za baridi vikitolewa na watu, hesabu inapungua.

Kundi moja haliwezi yote, na hapa ndipo mashirika yanahitajiana. Kanisa liko na feza na watu wenye mioyo, lakini pengine hakuna hata mmoja anayesikia Kiswahili ao Kinyamulenge. Chama cha Wakongomani wa mji ule kiko na lugha, kinajua pahali pa kununua unga na sombe, kinajua kwamba baba akinyamaza haimaanishi amekubali. Lakini hakina dola 25,000. Ofisi ya kupokea wageni, inayolipwa na serikali, iko na walimu wa Kiingereza na wanaojua karatasi za matunzo ya afya. Shule iko na nafasi. Wakikutana kila mwezi, jamaa inasimama. Wasipokutana, mama anapewa makoti sita na hakuna chungu, halafu watu watatu wanamwandikia rendez-vous siku moja, saa moja.

Tena kuna hatari ya kupendwa kupita kiasi. Baba aliyelisha watoto saba kambini anakuta watu watano wanaochagua nyumba yake, kartye yake, hata viatu vyake. Mapatano yanasema kumtunza, hayasemi kumtawala. Daktari Morton Beiser na wenzake walifuata wakimbizi 1,348 wa Asia ya kusini-mashariki ku Vancouver kwa myaka kumi, kuanzia 1981. Waliona kwamba wale walioitwa na makundi ya raia waliendelea vizuri myaka ilipopita. Lakini waliona jambo lingine, nalo linatugusa sisi watu wa kanisa: pahali ambapo dini ya mgeni na dini ya kundi zilikuwa mbalimbali, huzuni ilizidi mwanzoni. Mbudha aliyeonyeshwa njia ya kanisa kila Jumapili na watu wanaomlipia nyumba, atakataa namna gani? Hakuna aliyemlazimisha kwa mdomo. Nyumba ile ndiyo ilisema. Mtu akitaka kushuhudia, na ashuhudie, lakini si kwa mkono ule unaoshika kodi ya nyumba ya mwenzake.

Nyuma ya miezi kumi na miwili kundi linafunga kitabu chake. Wenyewe wanaita «mwezi wa 13». Kama baba amepata kazi, vizuri. Kama bado, jimbo linampa msaada sawa na raia mwingine. Watu walioitwa na makundi wanapata kazi upesi kuliko walioitwa na serikali, na sababu ni wazi: watu watano wanajua watu hamsini, na mmoja wa wale hamsini iko na duka ao karakana. Lakini safari haikuwa bure kwa wote. Wengi wanapewa mkopo wa tikiti na wa kupimwa na daktari, wanaulipa kidogo kidogo. Tangu 2018 mkopo ule hauna faida juu yake.

Wa mashua walifanya nini kiisha? Mwaka 2015, wakati Wasiria walipokimbia vita, ku Toronto kilizaliwa chama Lifeline Syria, jina lililochukuliwa kwa lile la 1979. Katika makundi ya kuita Wasiria walikuwamo Wavietnam waliofika watoto. Na leo Wakongomani wanaketi pamoja na kanisa lao la Ottawa ao la Winnipeg, wanatia sahihi juu ya wajomba na dada waliobaki kambini. Kwa njia hii Kanada imepokea zaidi ya watu 300,000 tangu mwanzo.

Mlango haubaki wazi siku zote. Maombi yamekuwa mengi, watu wanangojea myaka miwili, mitatu na kupita, na Novemba 2024 serikali ilisimamisha kupokea maombi mapya ya makundi ya watu watano. Amerika, ambayo 2023 ilianzisha mpango wa kufanana, Welcome Corps, iliufunga 2025. Sasa mlango ukipunguka, matapeli wanaongezeka. Basi musikie vizuri, na muwaambie wazazi: hakuna mtu anayeruhusiwa kuuza nafasi. HCR haiuzi fomu. Kundi la Kanada halina ruhusa ya kuomba mkimbizi feza juu ya kumwita, hata dola moja. Mtu anayekuja kartyeni na orodha, anaomba dola 200 «za kufungua dosie», ni mwizi, hata kama amefunga kravati na anaomba kwa jina la Yesu.

Jambo la mwisho ni la majina. Ku dosie baba anaulizwa: uko na watoto wangapi? Wengine wanaogopa, wanaficha yule aliyepotea siku ya vita, wakisema karatasi zitachelewa. Ni kosa kubwa. Mtoto ama bibi aliyetajwa ku dosie, hata kama hajulikani aliko, anaweza kufuata jamaa yake kama maombi yametiwa katika mwaka mmoja nyuma ya mzazi kufika Kanada. Ambaye hakutajwa, jamaa yake inaweza kukatazwa kumwita kama mtu wao, na kundi lile la watu watano, hata wakiwa na nia njema namna gani, hawana karatasi ya kuonyesha serikali.