Kura ya maoni: wakati inapolazimisha, wakati inaposhauri tu

Mfanyabiashara anayevuka Elegu kuingia Nimule anakanyaga nchi iliyozaliwa na kura ya maoni. Januari 2011, karibu asilimia 99 ya wapiga kura wa Sudan Kusini walichagua kujitenga. Mkataba wa amani wa 2005 uliibana Khartoum kuyaheshimu matokeo. Julai 9 mpaka mpya ukawepo.

Uingereza, mwaka 2016, kura ilikuwa ya ushauri tu. Mahakama ya Juu iliamua 2017 kwamba Bunge lazima litunge sheria kwanza. Taratibu mpya za forodha na Ulaya zilianza 2021.

Kwa hiyo kura ikitangazwa kwa jirani, usiulize nani atashinda tu. Uliza pia: matokeo yanamlazimisha nani, na kuanzia lini?