Mjumbe wa Wachimbaji

Makaa ya mawe huchimbwa chini sana katika udongo. Mavumbi yake yakiwaka humo, hupasuka kama baruti.

Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1890 iliwapa wachimbaji haki ya kuchagua mjumbe wa kukagua mashimo. Mwaka 1906, moto uliwaka katika machimbo ya Courrières. Mjumbe Pierre Simon alisema: watu wasishuke mpaka moto uzimike. Wakubwa hawakumsikiliza. Tarehe 10 Machi mavumbi yakapasuka, wakafa watu 1,099. Wachimbaji wakagoma pamoja na sendika zao, ndizo vyama vya wafanyakazi.

Basi, sendika si ya mshahara tu. Hulinda uhai pia. Aonaye hatari aseme, na mkubwa asikie.