Kinachoyashikilia mawingu ya Jua

Jua lilipopatwa Marekani tarehe 8 Aprili 2024, picha nyingi zilionyesha ulimi wa rangi ya waridi ukichomoza chini ya duara jeusi. Msomaji mmoja ameniuliza: ule moto, mbona hauanguki?

Si moto, kwa kuwa hakuna kinachoungua. Ni wingu la gesi, hasa haidrojeni, na haidrojeni ndiyo inayolipa rangi hiyo. Linaelea ndani ya korona, anga la nje la Jua, lenye joto la zaidi ya nyuzi milioni moja. Wingu lenyewe lina nyuzi 8,000 hivi, na gesi yake imesongamana takriban mara mia zaidi kuliko ile inayolizunguka. Msomaji ana haki ya kushangaa. Mvuto kwenye uso wa Jua ni mara 28 ya huu wetu. Kitu kikiachiwa kutoka kilomita 50,000 juu kingefika chini kwa dakika kumi hivi. Mawingu haya hukaa wiki, mengine miezi.

Yanabebwa na sumaku. Chembe zenye chaji hazikatizi mistari ya sumaku, huteleza kuifuata tu. Zisizo na chaji hugongana nazo na kushikiliwa humo humo. Mwaka 1957 Rudolf Kippenhahn na Arnulf Schlüter walikokotoa jinsi mistari hiyo inavyoweza kustahimili mzigo.

Fikiria mstari wa sumaku kama kamba ya kuanikia nguo uani. Ikiwa imenyooka kabisa, inavuta kushoto na kulia. Haina nguvu yoyote ya kwenda juu. Tundika kanga mbichi katikati. Kamba inabonyea, na kule kubonyea ndiko kunakoiokoa kanga: sasa kila upande unavuta kimshazari, na mivuto hiyo miwili kwa pamoja inainua. Ongeza kanga ya pili juu ya ile ya kwanza, kamba inazama zaidi na kuinua zaidi, mpaka ilingane na uzito. Ukiitundika pembeni, itateleza yenyewe hadi kwenye kibonde. Napenda sana jambo hili: mzigo ndio unaoipa kamba umbo la kuubebea.

Jean-Louis Leroy na wenzake walipima sumaku ya mawingu haya kutoka Pic du Midi, Ufaransa. Waliikuta imelala karibu mlalo, kama kamba inavyotaka. Ila katika mengi ya yale makubwa ilielekea kinyume na matarajio ya tao la kawaida linalotoka kwenye uso wa Jua. Kuperus na Raadu walikuwa wamependekeza umbo linalolifaa jambo hilo tangu 1974: mistari inayojizungusha juu ya uso. Leo wengi huichora kama koili ndefu iliyolala, yenye kibonde chini ya kila mzunguko, na gesi imetua humo.

Koili ikipoteza mizani hupaa na wingu lake lote. Tarehe 15 Februari 2022 chombo cha Solar Orbiter kilinasa mpao wa namna hiyo, ukienea kilomita milioni kadhaa angani. Haukuelekea duniani.